Feni za Gidion

Kosa lilikuwa la Faridu, na alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mafundi wenzake. Fundi wa magari wa Tarime hafanyi hivyo. Gari likirudi na shida, fundi wa Tarime analizunguka, anasonya, anauliza, "Hapa nani aligusa?" na dakika hiyo kosa limeshapata mwenyewe mwingine. Faridu aliyajua hayo yote, ameyafanya sana. Lakini kipande cha gazeti alichokishika mbele ya grili kilikuwa kimepeperushwa na feni, kikaenda kumpiga usoni mwenye gari, na mwenye gari alikuwa ameshika panga.

"Feni zinapuliza kwa nje," Faridu alisema. "Zilitakiwa zivute upepo ndani. Ni mimi. Nimekosea."

Mwenye gari aliitwa Gidion, mtu wa Itiryo, mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji wadogo kule Nyamongo. Mtu mrefu, mabega ya kubebea gunia mbili. Kichwa alikuwa amekinyoa kwa ajili ya msiba. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidole, ulikuwa umeungua, ngozi imebambuka na kuacha nyama nyekundu inayong'aa kwa dawa. Panga alilishika kwa kushoto.

"Rudia," alisema.

"Nimekosea, kaka."

Gidion alimpiga kwa ubapa wa panga sikioni. Faridu akakaa chini bila kukusudia, na kwa muda akasikia filimbi ya polisi ndani ya kichwa chake. Polisi wenyewe hawakuwepo. Mafundi wengine nao hawakuwepo tena. Gereji iliyokuwa na kelele za nyundo ilikuwa imebaki na kuku. Aliyebaki ni Abdurahmani peke yake, mchomeleaji, chini ya gari aina ya Noah, miguu nje, akijifanya anakaza nati ambayo aliikaza tangu asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru ya miaka ya tisini, ya turbo, rangi ya bluu iliyopauka, lenye mlio unaowafanya watoto wa shule wakimbie barabarani kulitazama. Lilikuwa na mbio za kutisha na ugonjwa mmoja: likipanda mlima linachemka. Mafundi kadhaa walishalitibu kwa dawa ya kienyeji, yaani toa thamostati, tupa, jaza maji ya mtoni, nenda. Faridu ana cheti chake cha VETA ukutani na hakupenda utani huo. Alimwambia Gidion kazi ya kweli ni kubadilisha mfumo mzima wa kupozea. Wakaagiza rejeta kubwa ya alumini kutoka upande wa Sirari, nene kama tofali, mipira mipya, thamostati mpya, kulanti ya kijani ya kupozea injini, na feni mbili za umeme.

Rejeta ilikuwa nene mno. Nyuma yake haikubaki nafasi ya feni, zingegusana na injini. Faridu akazifunga mbele. Wazo lilikuwa zuri, ila feni zile zimetengenezwa zikae nyuma na kuvuta. Ukizihamishia mbele lazima ugeuze mapanga yake, yale mabawa yanayozunguka, na upindue waya, la sivyo zinausukuma upepo unakotoka. Gari likikimbia, upepo unataka kuingia, feni zinaukatalia mlangoni.

Kuna desturi ambayo ingemwokoa. Tarime, fundi akibadilisha kitu kikubwa kwenye gari, yeye hupanda safari ya kwanza. Anakaa kushoto kwa dereva, dumu la maji miguuni, wanakwenda kutafuta mlima. Likichemka, mmechemka wote. Lakini Ijumaa ile shemeji yake alikuwa anaoa kule Mugumu, na mkewe Yasmini alikuwa ameshapanda kwenye Hiace na mtoto na sufuria za kuazima, anampigia simu kila baada ya pumzi. Faridu akawasha feni, akasikia zinanguruma, akaamini sikio. Gazeti hakushika. Mlima hakupanda. Akampa Gidion ufunguo, akaenda kula pilau.

Siku chache baadaye Nikolaus, mdogo wake Gidion, alikatwa panga kule Nyakunguru. Waligombania viroba vya mawe ya dhahabu, yeye na mchimbaji mwenzake anayeitwa Simioni. Panga lilishuka shingoni pembeni. Gidion alimbeba mdogo wake kwenye Subaru, akaitimua kuelekea hospitali Tarime. Kutoka Nyamongo kuja mjini ni kupanda. Kabla ya kumaliza mlima mkubwa, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu na injini ikazima. Gidion kwa wazimu wa haraka alifungua kifuniko cha rejeta kwa mkono. Maji ya moto yalitoka kama yanatafuta mtu. Akakaa pale, mkono umeiva, akisimamisha pikipiki, na Nikolaus anakorota kwenye kiti cha nyuma mpaka alipoacha kukorota.

Hayo Gidion aliyasema gereji, amesimama juu ya Faridu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza gari linavyogonga.

"Tumemzika jana," alimalizia. "Simioni amerudi kwa mama yake. Polisi wanasema wanamtafuta. Mimi simtafuti, najua alipo. Tengeneza gari langu."

"Nitengeneze ili uende huko?"

"Ili niende na nirudi. Kwenda hata punda anakwenda, ni mteremko."

Faridu aliinuka taratibu, akapeleka mkono mfukoni kwenye simu. Gidion akaichukua bila ugomvi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya kulanti.

"Haya. Hiyo nayo imepoa," Faridu alisema. Mdomo wake una tabia hiyo. Ukiogopa ndipo unapofanya mzaha.

"We mura, we kijana, unacheka?"

"Sicheki. Nipe spana namba kumi, iko nyuma yako."

Alifanya kazi huku sikio linavuja damu kwenye kola. Alifungua feni, akachomoa mapanga, akayageuza, akapindua waya, akafunga tena. Wakati anakagua mipira, mkono wake ulisimama juu ya kibano cha mpira wa chini. Kilegeze kidogo tu, alijiambia. Kulanti itadondoka njiani tone kwa tone, na kabla ya Nyamongo gari litakuwa jiko. Hatafika kwa Simioni. Kisha akafikiria kiti cha nyuma. Doa la Nikolaus lilikuwa bado pale, limekauka, rangi ya kahawa, na mtu alikuwa amejaribu kulisugua kwa sabuni akashindwa. Gari hili lilishaua mtu kwa kuchemka, na aliyelichemsha ni yeye. Kama Gidion angekata mtu au angekatwa yeye, njia ya hospitali ni ile ile, mlima ni ule ule. Faridu alikikaza kibano mpaka spana ikalia. Chochote kitakachotokea kule, gari hili lisiwe tena sababu ya mtu kufa. Hilo ndilo alilobaki nalo, na alilishika.

Alitoa hewa kwenye mfumo bila haraka, akibinya mipira, akingoja mapovu yaishe. Gidion alisonya. Faridu akawasha gari, akangoja feni ziamke, akashika gazeti mbele ya grili. Likanaswa pale pale, likatulia kama limebandikwa kwa gundi.

"Sawa," alisema. "Sasa linavuta."

"Ingia. Endesha."

"Mimi?"

"Mkono huu utashika usukani? Na si mnasema fundi anapanda safari ya kwanza? Ingia."

Wakati wanatoka, miguu ya Abdurahmani ilijikunja polepole chini ya Noah, kama kobe.

Barabara ya Nyamongo ilikuwa na vumbi na bodaboda, wengine wamepakia viroba, wengine wamepakia watu watatu na mbuzi. Subaru ilizipita kwa mlio wake mnene. Gidion alikaa kushoto, dumu la maji katikati ya miguu, panga juu ya mapaja. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati, haupandi haushuki. Kwa aibu yake, Faridu alijisikia furaha. Kila walipokutana na kilima kidogo aliukazia macho, nao ukabaki pale pale, feni zikiwaka na kuzima zenyewe kwa adabu. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na abiria wake anakwenda kuua.

"Kaka Gidion," alisema walipopita Nyamwaga. "Ukimkata huyu mtu, gari hili polisi watalichukua. Litakaa kule uani kwao mpaka kuku watage kwenye kiti."

Gidion akatazama nje.

"Rejeta mpya ile. Alumini tupu. Inauma."

"Unaongea sana kwa mtu aliyebaki na sikio moja."

"Ndiyo maana naongea, kusikia siwezi."

Kitu kilicheza kwenye shavu la Gidion, karibu kuwa kicheko, kisha kikafa. "Nikolaus alikuwa anaongea hivi hivi," alisema. "Hata mle ndani ya gari. Ameshika shingo anasema, kaka, usikanyage breki sana, utanimwaga." Akageuza panga upande wa pili. "Alisema hivyo, mimi nikacheka. Tukafika kwenye mlima wako."

Faridu akapunguza mwendo. "Nihukumu mimi basi," alisema. "Mimi nipo. Tugeuze, twende kwa wazee wako Itiryo, nikae mbele yao niseme nilivyofanya. Na Simioni wamwite huko huko."

"Wewe nitakuja kwako baadaye. Kata kushoto hapo."

Nyumba ilikuwa ya bati, pembeni ya Nyakunguru, ukuta umepigwa lipu upande mmoja. Mama mtu mzima alikuwa ameinama uani anageuza udaga wa muhogo kwenye turubai. Faridu alizima gari, au alidhani anazima. Mkono ulikataa, akaliacha linanguruma. Alishuka kwa sababu Gidion alikuwa ameshuka. Na akiwa na damu kwenye kola, na mtu mwenye panga hatua mbili mbele yake, akafanya alivyofunzwa utotoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," yule mama alijibu, ameinua uso anatabasamu, kisha akaona panga. Aliitwa Regina, mama yake Simioni. Faridu alilijua jina hilo baadaye kidogo tu, watu walipoanza kumwita.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bafu la magunia, na ndani mtu anaoga, anapiga mluzi. Gidion hakuita. Alipiga panga juu ya gunia kutoka juu kwenda chini, na gunia likafunguka, na aliyekuwa nyuma yake akafunguka nalo, kutoka begani mpaka kifuani. Simioni alitoka uchi, kichwa chote povu la sabuni, macho hayaoni, damu inachanganyika na povu na kuwa nyekundu hafifu. Hakulia. Aling'oa mti wa bafu, akaupiga mbele kipofu kipofu, ukampata Gidion gotini. Goti lilitoa sauti ya kuni kavu. Gidion alianguka kwenye tope la sabuni, akainuka kwa goti lililobaki, akainua panga tena. Simioni alikuwa chini ya panga hilo, anajifuta macho.

Faridu hakumbuki kukimbia. Alijikuta ameushika ule mkono wa Gidion ulioungua, kwa mikono yake yote miwili, na akakamua. Aliikamua ile nyama mbichi kama anakamua kitambaa cha deki. Gidion alitoa sauti ambayo Faridu alikuwa hajawahi kuisikia kwa mtu mzima. Panga likadondoka. Faridu akalipiga teke likaingia kwenye mahindi.

"Basi," Faridu alikuwa anasema. "Basi kaka. Basi."

Na ingeweza kuishia hapo. Lakini Regina alikuwa ameshapiga yowe.

Yowe la huku halina mjadala. Likipigwa, kila mwanaume anayelisikia anaacha alichoshika na kukimbilia linakotoka, na anakuja na silaha, maana huenda ng'ombe wameibwa au mtu anauawa. Asiyekuja atajieleza mbele ya wazee kwa nini alibaki nyumbani kama mke. Walitoka mashambani, walitoka kwenye mashimo na vumbi la mawe usoni, wengine hata hawajui wamekuja kwa nani. Walimkuta Simioni amelala kwenye damu yake. Walimkuta mgeni mrefu mwenye kichwa cha kunyoa, amekaa kwenye tope, hana silaha, anaushikilia mkono wake.

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Baada ya hapo Faridu hakuweza kuhesabu. Walimpiga kwa marungu na kwa mawe, na kijana mmoja alimpiga kwa sururu upande wa mpini, kwa heshima labda. Gidion alijaribu kujikinga kwa mkono wa kuungua. Mtu mwenye upinde alisimama pembeni akingoja nafasi, akasema, "Tokeni," wakatoka, na mshale ukamwingia chini ya mbavu. Kisha wakarudi.

"Na huyu?" mmoja aliuliza, akamshika Faridu kola.

"Mimi ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa rejeta."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi kama chafya. Mwenye kumshika kola aliinua rungu.

"Huyo muacheni," Regina alisema. Alikuwa chini, amefunga kanga yake kwenye bega la mwanawe, anaikaza kwa meno. "Huyo amenisalimia. Na ndiye aliyemshika yule asimalize. Gari lake linaunguruma. Mpakieni mwanangu."

Walimpakia Simioni upesi, kwa mikono mingi, kama wanapakia kioo. Walimlaza kwenye kiti cha nyuma juu ya doa la Nikolaus, na damu mpya ikaanza kulifunika. Regina aliingia, akakipakata kichwa cha mwanawe chenye sabuni. Faridu alikaa kwenye usukani. Alitazama mshale wa joto. Gari lilikuwa limesimama juani muda wote ule likinguruma, na mshale ulikuwa katikati.

"Twende baba," Regina alisema.

Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Faridu alikitazama, akashuka tena.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja, mama."

Watu walikuwa wamesimama duara, wanapumua. Gidion alikuwa amelala ubavu, mshale umesimama, unapanda na kushuka kidogo kidogo pamoja na pumzi zake. Jicho moja lilikuwa limefungwa na uvimbe. La pili lilimwona Faridu.

"Limechemka?" Gidion aliuliza. Meno ya mbele hayakuwepo, neno lilitoka limelowa.

"Halijachemka."

"Muongo."

"Wallahi halijachemka. Njoo utazame mwenyewe."

Faridu alipiga magoti kwenye tope, akampitishia mikono kwapani, akavuta. Alikuwa mzito kama injini iliyoshushwa. Kichwa kilichonyolewa kilimwegemea kifuani, kina moto. Alimvuta kwa urefu wa hatua moja, mguu wa goti lililovunjika ukaburuta vibaya, na Gidion akalia kwa sauti ndogo. Faridu akasimama hapo. Mikono yake ilikuwa inateleza, sijui damu, sijui dawa ya kuungua. Aliangalia gari. Haikuwa mbali. Nyuma ya kioo Regina alikuwa anamtazama, mkono wake juu ya paji la mwanawe.

"Ndugu zangu," Faridu alisema. "Huyu alifiwa na mdogo wake. Alifia mle ndani, kwenye kile kiti, kwa sababu yangu mimi. Gari sasa linapanda. Nawaambia linapanda, litafika na wote wawili, nusu saa tu tuko hospitali."

Mwenye upinde alikuwa anajikuna shingo. Kijana wa sururu alitazama viatu vyake. Mzee mmoja mwenye koti aligeuka, akaanza kukusanya udaga uliomwagika, kipande kimoja kimoja, akiupuliza tope na kuurudisha kwenye turubai.

Feni za Subaru ziliwaka. Zilivuta upepo kwa nguvu, majani makavu ya mahindi yakaruka kutoka chini na kunasa kwenye grili.

"Simwezi peke yangu," Faridu alisema. "Nishikieni miguu tu."